Nani Ataiuliza Karatasi Hii?

Baba yetu alifariki katikati ya masika ya mwaka 2019, na siku ya tano baada ya maziko, majirani wakiwa bado wanaingia na kutoka kutupa pole, Ami alinivuta pembeni ya ukumbi akaniuliza kwa sauti ya chini hati ya shamba la Mtambwe iko wapi. Nilimjibu kwamba ipo, kwa kuwa nilikuwa na yakini kuwa Baba hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Pahala ilipo ndipo nilipokuwa sipajui. Tuliitafuta kwa siku 9.

Mgeni aliyeingia nyumbani kwetu Wete, kisiwani Pemba, asingeweza kusema kuwa ni nyumba ya vurugu. Ukumbi ulikuwa ukifagiliwa asubuhi na jioni, mikeka ikikunjwa na kusimamishwa mlangoni, na juu ya meza hapakuonekana hata bahasha moja. Karatasi zilikuwa zimefichwa, na kule kufichwa kwake sote tulikuhesabu kuwa ni mpango. Zilikuwemo katika kasha la mbao uvunguni mwa kitanda, katika watoto wawili wa meza ya kuandikia, katika mkoba wa ngozi uliotundikwa nyuma ya mlango, na katika mifuko iliyopangwa juu ya kabati hadi kugusa dari. Kila mmoja wetu alijua pahala pamoja au pawili, na hakuna aliyejua pote isipokuwa Baba.

Nilipolivuta lile kasha kutoka uvunguni, sakafuni palibaki mstari mwembamba wa udongo uliokauka, unaotoka kwenye ukuta na kupanda ubaoni. Nilijua ni nini kabla ya kufungua. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini na kula katikati ya mabunda, wakaacha kingo zake zimesimama kama fremu ya picha isiyo na picha. Zile karatasi za juu zilikuwa nzima, ila zilikuwa na harufu nzito ya ukungu, na kila palipokuwa na pini ya stepla palikuwa na doa la kutu lililopenya karatasi tatu au nne kwenda chini. Nilizitoa moja moja na kuzitandaza juu ya mkeka. Mlikuwa na ankara za umeme za tangu enzi za majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kuileta Pemba kwenye gridi ya taifa mwaka 2010. Mlikuwa na stakabadhi za karafuu za misimu ambayo sisi watoto tulikuwa bado tunaokota mpeta chini ya mikarafuu, risiti za bati na saruji, barua za nduguye aliyekuwa Mombasa, kalenda za miaka iliyopita, na kadi za harusi za watu ambao leo wana wajukuu. Katikati ya kadi mbili za mwaliko wa maulidi nilikikuta cheti changu halisi cha kuzaliwa, ambacho miaka mingi kabla ya hapo nilihangaika ofisi baada ya ofisi kutafuta kingine nikidhani kimepotea.

Hati ya shamba ilipatikana siku ya tisa, juu ya kabati, ndani ya bahasha kubwa ya hospitali yenye picha ya eksirei ya mguu wa Baba. Kaka yangu alitaka kuhuzunika kwamba mzee aliiweka pahala kama pale, lakini mimi nilipoishika ile bahasha nilimwelewa. Ilikuwa ni bahasha pekee nyumbani iliyotosha kuichukua hati bila ya kuikunja. Baba alikuwa na sababu yake, na sababu ilikuwa nzuri. Alikufa nayo tu.

Katika miezi iliyofuata, kwa kuwa Mama alikuwa amekaa eda ya miezi minne na siku kumi na asingeweza kuzunguka maofisini, na kwa kuwa kaka zangu wanaishi Unguja na Dar es Salaam, kazi ya mirathi iliniangukia mimi. Nilianzia kwa sheha, yaani mkuu wa mtaa wetu, kwa barua, nikaenda kwenye usajili wa matukio ya kijamii kwa cheti cha kifo, kisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kisha mahkamani, kisha benki, kisha kwenye mambo ya kiinua mgongo. Nilibeba daftari dogo, na kila nilipoombwa karatasi niliiandika jina lake na aliyeniomba. Mwishoni niliihesabu orodha ile. Cheti cha kifo. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha marehemu na vya warithi. Vyeti vyetu vya kuzaliwa. Cheti cha ndoa cha Mama. Hati ya shamba na ya nyumba. Kitabu cha benki. Barua ya kuajiriwa na ya kustaafu. Hazikufika karatasi 20. Na zile tulizozitoa uvunguni, mezani, mlangoni na juu ya kabati zilijaza magunia mawili.

Hapo ndipo lilipoanza kuniingia jambo ambalo sasa naliona ni la msingi kuliko mafaili na mabahasha. Baba hakuwa mzembe. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi, na kwa kuwa hakuweza kujua ni ipi itakayokuja kutakiwa, alizihifadhi zote kwa heshima moja. Ankara ya umeme ya mwaka 1996 na hati ya shamba zilipewa hadhi sawa, na kwa kupewa hadhi sawa zikazikana. Tangu wakati ule, kila karatasi inayoingia mkononi mwangu naiuliza swali moja: nani atakuja kuiuliza karatasi hii, na lini? Nikiwa na jibu, najua pa kuiweka. Nikikosa jibu baada ya kufikiri kwa dhati, basi haina haja ya kulala kwangu.

Lakini kabla ya kueleza ninavyofanya sasa lazima nieleze habari ya cheti cha ndoa, kwa sababu kilinifunza kitu ambacho swali lile peke yake lisingenifunza. Tulikitafuta katika kila bahasha ya Baba. Tulitafuta hata ndani ya vitabu vyake. Jioni moja Mama, akiwa amekaa juu ya msala wake baada ya Magharibi, aliniuliza nina nini hata uso umenikaa vile, nikamwambia natafuta cheti chao cha ndoa na kwamba bila ya hicho mambo yake yatasimama. Aliinuka taratibu, akafungua sanduku lake la kanga, akanyanyua doti tatu za juu, akatoa kitambaa cha khanzu kilichokunjwa mara nne. Cheti kilikuwa ndani yake, safi, na pembeni yake karafuu chache zilizokauka ambazo yeye huziweka katika nguo. Kwa miaka 41 alikuwa nacho yeye.

"Mwanangu," aliniambia, "hamkuniuliza."

Nililia usiku ule, na sikulia kwa uchovu. Sisi wanawe, watu wa kusoma, tulikuwa tumekata shauri bila ya kulisema kwamba karatasi ni mambo ya Baba, na mtu aliyekaa na Baba miaka yote ile hatukumhesabu kuwa mlinzi wa chochote. Tangu siku ile naamini kwamba karatasi za nyumba zikijulikana na mtu mmoja tu, hata zikiwa zimepangwa vizuri namna gani, ni sawa na zilizopotea. Mume wangu anajua boksi langu lilipo. Binti yangu, ambaye yuko kidato cha pili, anajua. Mama anajua, na cheti chake cha ndoa amekirejesha katika sanduku lake la kanga kwa hiari yake, nami nimeandika ndani ya kifuniko cha boksi kwamba kipo kule.

Katika lile kasha kulikuwa na kitu kimoja ambacho mchwa hawakukigusa, na ambacho nakiona kuwa ndiyo karatasi bora kuliko zote alizotuachia Baba. Ni daftari la skuli la kurasa chache, lenye jadweli la kuzidisha nyuma yake, na ndani yake kwa wino wa buluu aliandika madeni. Kila mstari ulikuwa na jina, tarehe, kiasi, sababu, na jina la aliyeshuhudia. Deni likilipwa aliandika "limekwisha" na mwenye haki yake akatia saini. Baba hakuwa mfanyabiashara. Ilikuwa ni mbao za kukopa, mbegu, nauli ya meli aliyosaidiwa siku aliyopelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na vitu vya namna hiyo.

Wanaotoka katika malezi kama yetu wanajua kuwa mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho cha warithi. Wanajua pia kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur-ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuamrisha deni la muda liandikwe na kushuhudiwa. Nilikuwa nimeihifadhi aya hiyo chuoni tangu utotoni. Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima, barazani kwetu, alipokuja mzee mmoja seremala, akakaa, akanywa kahawa, akasitasita sana, kisha akasema kwamba marehemu alikuwa na kijideni chake cha mbao lakini yeye hana ushahidi na yuko tayari kusamehe. Nilifungua daftari. Mstari ulikuwepo: shilingi 85,000, na chini yake kwa mkono wa Baba, "zimebaki 35,000". Nilimuuliza mzee ni kiasi gani anachokikumbuka. Alisema elfu thelathini na tano. Tulimlipa pale pale, na alipotia saini mkono ulimtetemeka.

Wiki mbili baadaye alikuja mwengine na dai la shilingi 120,000. Na yeye mstari wake ulikuwepo, ila ulikuwa na neno "limekwisha" na saini yake mwenyewe. Nilimgeuzia daftari bila ya kusema kitu. Aliitazama saini ile kwa muda mrefu, akasema kweli alisahau, na mimi namsadiki, kwa kuwa ilikuwa ni miaka sita nyuma. Lau si mstari ule mmoja, nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana futari zingevunjiana heshima, na hakuna kati yetu ambaye angekuwa amesema uongo.

Sasa nieleze ninavyofanya. Karatasi za kudumu, yaani zile ambazo mtu atakuja kuziuliza hata baada ya miaka 30, nimezitia katika boksi faili moja tu, kila mtu wa nyumba na mfuko wake wa plastiki mwangavu: vyeti vya kuzaliwa na vya skuli, nakala za vitambulisho, barua za kazi, hati. Sitii pini. Sikunji. Boksi liko juu ya rafu ya ubao chumbani, mbali na sakafu na shubiri moja kutoka ukutani, ili mchwa akipanda nimwone njiani kabla hajafika. Kila yanapokaribia masika, na tena kabla ya vuli, nalishusha, nakichungua kila kifuko, naziacha karatasi zipate upepo kivulini kwa asubuhi moja, kisha nazirejesha. Kazi hiyo hainichukui hata saa mbili, kwa sababu boksi si kubwa, na nimeapa halitokuwa mawili.

Karatasi za mwaka ni mambo mengine. Humo ndimo zimo ankara za maji, risiti za ada, karatasi za hospitali za homa na meno, dhamana za vyombo vya umeme, na barua za skuli. Hizo zina mwenye kuziuliza, lakini muda wake hupita. Nimezitengea faili moja lenye vifuko 12 vya miezi, na unapoingia Muharram (nimeuchagua mwezi huo kwa kuwa nafsi yangu huwa tayari kuanza upya) nazipitia, nazibakisha zile ambazo dai lake halijafungwa, na zilizobaki zinaondoka nyumbani.

Tabu kubwa, hata hivyo, haikuwa pa kuziweka. Ilikuwa ni namna zinavyoingia. Huku kwetu hakuna mtu wa posta anayegonga mlango akakupa barua zako zote kwa pamoja. Barua ya posta inakwenda katika sanduku la posta, mara nyingi la ofisi au la ndugu, na anayeifungua ndiye anayeileta kwa wakati wake. Ankara ya maji huletwa na msomaji wa mita naye humpa yeyote aliyeko uani. Barua ya skuli huja ndani ya mkoba wa mtoto, taarifa ya shehia huja na mjumbe wa sheha, bahasha kutoka Unguja huja na abiria wa meli, na kadi za harusi hugaiwa msikitini. Kila mkono ulikuwa ukiiacha karatasi yake pahala pake: juu ya friji, chini ya redio, dirishani, ndani ya msahafu. Na kila mmoja alisema anaiweka hapo kwa muda. Nilipolifikiria vizuri niliona kuwa hilo neno "kwa muda" ndilo lililojaza magunia ya Baba.

Nikamwomba shangazi, ambaye mikono yake haijapata kushindwa na ukili, anisukie kikapu kidogo, upana wa sahani, kina cha vidole vinne. Nimekitundika chini ya saa ya ukutani karibu na mlango wa mbele. Yeyote anayepokea karatasi, awe mtoto au mgeni, huitia humo na si pengine. Udogo wake ni wa makusudi, kwa kuwa kikapu kikubwa kingekuwa kasha jengine. Kila Alkhamisi baada ya Isha nakishusha, nakaa mezani na binti yangu, na tunakimaliza mpaka kionekane kitako. Ya kulipa inaandikwa siku ya kulipwa. Ya kujibu inajibiwa. Ya kuhifadhi inahifadhiwa. Ya kuondoka inaondoka. Wiki za mwanzo ilituchukua saa nzima, na sasa haizidi robo saa.

Kuhusu malipo, siku hizi karatasi zimepungua na watu wengi hudhani kuwa tabu imekwisha pamoja nazo. Umeme tunanunua kwa Tukuza, yaani unalipa kabla ya kutumia, unapewa namba 20 za kuingiza katika mita, na ukishaziingiza hazina kazi tena, kwa hiyo vile vikaratasi vyake havikai kwangu hata siku moja. Bili nyengine hulipwa kwa simu na ushahidi wake ni ujumbe mfupi. Mimi niliutegemea ujumbe huo mpaka siku simu yangu ilipotumbukia baharini nikishuka meli bandari ya Mkoani, ikaenda na miaka miwili ya malipo. Tangu hapo nina daftari la malipo, la mtindo wa Baba: tarehe, kiasi, cha nini, na namba ya muamala, naandika kabla sijaiweka simu chini. Karatasi muhimu nazipiga picha pia na kumpelekea kaka yangu Unguja, ili maji na moto visiweze kutukuta pahala pamoja.

Nilipata hasara nyengine ambayo naitaja kwa urefu kidogo kwa sababu naona inawapata wengi. Nilinunua friji katika duka moja, nikapewa risiti na dhamana ya miezi 12. Mwezi wa nane friji ilisita. Nikaenda katika faili kwa kujiamini kabisa, nikaitoa risiti, na mkononi nikawa na karatasi nyeupe. Hapakuwa na jina la duka, wala tarehe, wala kiasi. Muuzaji alisema bila ya risiti inayosomeka hawezi kunisaidia, na nikamlipa fundi kwa fedha zangu. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba risiti nyingi za mashine hizi ndogo hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka rangi inapopata moto wa mashine, na kwa hivyo joto, mwanga na hata kugusana na plastiki huweza kuyafuta maandishi. Jirani yangu, kwa kutaka kuihifadhi yake, aliipeleka kutiwa leminesheni, na moto wa mashine ukaigeuza yote nyeusi. Siku hizi risiti ya kitu chenye dhamana naitoa fotokopi siku ile ile ya ununuzi, na kile kinachokaa katika faili ni fotokopi.

Majina nayo yanataka macho. Babu yetu ameandikwa Mohamed katika cheti kimoja na Muhammed katika chengine, na kwa herufi hizo mbili kaka yangu alilazimika kula kiapo mahkamani kuthibitisha kuwa ni mtu mmoja. Karatasi mpya yoyote sasa naisoma jina herufi kwa herufi mbele ya karani, nikiilinganisha na cheti cha kuzaliwa, kabla sijaondoka dirishani.

Limebaki jambo la karatasi zenye jina la Mwenyezi Mungu, nalo naliona ndilo lililokuwa kiini cha mrundikano wa nyumba nyingi za kwetu ijapokuwa halisemwi. Kadi ya harusi huanza kwa Bismillahi. Kalenda ina aya. Barua ya hitma ina aya, na hata taarifa ya mkutano wa madrasa. Hakuna mtu mwenye imani atakayeitia karatasi hiyo jaani pamoja na magamba ya samaki, na hakuna aliyekuwa akituambia tuifanyeje, basi ikawa inakaa. Magunia yale mawili ya Baba, karibu nusu nzima ilikuwa ni za namna hiyo. Nilikwenda kumuuliza ustadhi wetu, naye akanieleza kwa upole kwamba zinaweza kuchomwa mpaka maandishi yasibaki, au kuzikwa pahala safi pasipokanyagwa, na akanikumbusha kuwa Sayyidna Uthman, baada ya kukusanywa msahafu, aliamuru kurasa nyengine zichomwe ili kulinda, na hakuwa akidharau. Nilitoka kwake nimepumua. Sasa kuna bahasha ya khaki kwa ajili hiyo peke yake. Ikijaa, nazichoma ndani ya karai kuukuu nyuma ya nyumba, nasubiri majivu yapoe, na nayafukia chini ya mlimau ulio ndani ya ua, ambapo hapapiti mtu. Humo humo nachoma na zile zenye namba za benki na vitambulisho.

Kadi za harusi kabla ya kuingia katika bahasha hiyo naziandika katika daftari: shughuli ya nani, lini, tulichangia nini. Hilo ndilo litakaloulizwa siku yetu ikifika. Kadi yenyewe haiulizwi.

Daftari la Baba lipo ndani ya boksi, katika kifuko chake. Mistari yote imefungwa isipokuwa mmoja, ambao umeandikwa "mzee wa jahazi, Tanga, 12,000, chokaa", bila ya jina na bila ya shahidi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Nadhani aliandika kwa haraka pwani. Ustadhi ametwambia tumtafute kwanza, na tukikata tamaa tuitoe sadaka kwa niaba yake. Hatujakata tamaa. Fedha zimo ndani ya bahasha iliyobanwa katika ukurasa ule ule, na kila majahazi ya Tanga yanapofunga Wete, mume wangu huichukua ile bahasha akashuka bandarini kuulizia. Mama huwa anamngojea barazani. Anapomwona anarudi hutazama mikono yake kwanza, kuona kama ile bahasha bado anayo.